Kona ya Mlevi

4 Februari

Kaka yangu Rula,

Shikamoo. Naandika kwenye meza ya jikoni, kwa hiyo ukiona doa la chai pembeni usidhani ni machozi. Sisi huku wazima. Mpwa wako bado yuko hospitali, na simaanishi kitandani: yeye ndiye anayechoma wenzake sindano. Amepandishwa cheo, sasa ananiamuru hata mimi mama yake. Fundi Cherehani, jirani wa mkono wa kulia, alisahau pini mdomoni akaing'ata, na jino likaenda nayo. Goti langu la kushoto limegoma kupanda ngazi. Na wewe? Barua ya mwisho ulisema macho yanatoa maji. Umeyapeleka kwa daktari, au bado unayachosha kwa vitabu?

Sasa jambo lenyewe. Mwezi uliopita baraza la mji lilimleta msichana mmoja, mhandisi, akafunga kisanduku cheupe kwenye nguzo mbele ya dirisha letu. Kinapima hewa. Mtaa mzima sasa unamwita Binti Kisanduku, na yeye anaitika. Kila Jumatatu anakuja, anakifungua, anasoma namba, anakifunga. Nilimwuliza, "Mwanangu, hiyo namba ni mbaya?"

Akasema, "Mama, niseme kweli au niseme vizuri?"

Nikamwambia aseme apendavyo, masizi nayafuta mwenyewe kila asubuhi, namba haiwezi kunishtua.

Anachotaka kujua ni habari ya kona. Unaikumbuka barabara ya malori inayotoka kiwanda cha saruji: imenyooka kama uzi karibu kilomita nne, halafu ikitukaribia inajipinda bila sababu, inashuka bondeni, inapanda mlima mfupi mkali, na pale juu, chini ya dirisha la Mama, kuna taa nyekundu. Ikishatupita inanyooka tena kama vile hakikutokea kitu. Watu wanaiita Kona ya Mlevi, wanasema aliyeichora alikuwa amelewa. Sijawahi kukuandikia hilo. Nilijua litakuuma, maana ofisi ya kuchora ilikuwa yenu.

Mafaili yote ya wakati ule yaliungua mwaka wa vurugu, ulipokimbia. Nikamwambia nina kaka, alikuwa mchora ramani palepale, naye hasahau hata jina la mbuzi.

Basi niambie tu. Kwa nini barabara inapinda pale?

Dada yako,
Siafu

Nimesahau: kikohozi changu ni kidogo. Usianze.


11 Machi

Siafu, dada yangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia baada ya wiki nne na siku mbili. Nimezipima barua zako za miaka sita iliyopita na zote huchukua hivyohivyo, pungufu ya siku moja au zaidi kwa siku moja. Posta ya nchi mbili imekuwa na nidhamu kuliko serikali zake.

Macho nimeyapeleka. Daktari ananishauri nisome kidogo, na nimemshukuru kwa ushauri. Mpe mpwa wangu hongera, mwambie asikuonee. Fundi Cherehani mpe pole ya jino. Mimi naishi vilevile, ghorofa ya saba, chumba kimoja na nusu. Tangu mke wangu afariki, hiyo nusu ndiyo kubwa. Chini ya dirisha langu kuna mlima na taa, magari yanasimama na kuondoka kutwa nzima. Nimeyazoea kama mke anavyozoea mume anayekoroma.

Kuhusu masizi, nitakueleza kama nilivyofundishwa. Lori lenye saruji likipanda mlima bila kusimama, lina mwendo wake tayari na huutumia. Likisimamishwa katikati ya mwinuko, mwendo ule wote hupotelea kwenye breki. Dereva huanza upya kwa gia ya kwanza, na injini humiminiwa mafuta mengi kuliko inavyoweza kuyaunguza vizuri. Yasiyoungua vizuri ndiyo masizi yako. Yaliyoungua yanakuwa hewa ukaa, ambayo huioni wala huifuti, inapaa na kuongezeka kwenye ile inayotuharibia majira ya mvua sote, mimi niliye huku na wewe uliye huko. Kwa hiyo mlima na taa ni ndoa mbaya. Kuta ndefu za pande zote mbili huzuia upepo, na moshi hukaa pale kama maji kwenye mfereji ulioziba.

Ushauri wangu: fungua madirisha ya uani peke yake. Panda ua wa miti yenye majani madogo na manene, usiache nafasi chini. Futa kwa kitambaa kilicholowa, usifagie.

Kuhusu kona, ilikuwa udongo. Mstari ulionyooka ungepita kwenye mfinyanzi laini, na barabara ingetitia. Mwambie hivyo.

Sasa niulize na mimi. Chumba changu cha nyuma kikoje? Meza yangu ya kuchorea bado iko chini ya dirisha? Nimepata hati ya kusafiria, Siafu, baada ya miaka thelathini na minne. Daktari ameniruhusu Desemba. Nataka kukaa kwenye chumba kile, mlango wazi, nikisikia unavyogombana na vyombo. Usimpe mtu.

Kaka yako,
Rula


20 Aprili

Kaka yangu Rula,

Shikamoo. Nimefurahi kwa hati. Fundi Cherehani amepokea pole yako, anasema jino halirudi kwa pole lakini ameipokea. Mpwa wako ananipimia pumzi kila Jumapili kwa mrija wa plastiki, napuliza kama mtoto anayepewa puto. Hajaniambia kitu, nami sijamwuliza.

Udongo wako ni mwamba.

Binti Kisanduku alileta mashine ya kutoboa ardhi, wakatoboa pale kwenye mstari ulionyooka, upande wa juu wa nyumba yetu. Fundi akatoa kichwa dirishani. "Mnatafuta maji?"

"Tunatafuta mfinyanzi, mzee."

"Mfinyanzi hapa? Mimi shimo la choo nimelichimba mwaka mzima kwa tindo. Aliyewaambia kuna mfinyanzi naye alikuwa amelewa."

Mtaa ukacheka. Mimi nikatazama miguu yangu.

Labda umesahau, ni siku nyingi. Lakini sikiliza jambo lilivyo, maana si la mzaha. Baraza lina mipango miwili. Wa kwanza ni kuupanua mlima huuhuu, malori yasimame safu mbili badala ya moja. Binti Kisanduku anasema ukipanua mahali pa kusimama, unachopata ni magari mengi zaidi yaliyosimama. Mpango wa pili ni kuirudisha barabara kwenye mstari wake, ipite tambarare, ikutane na njia ya sokoni kwenye mzunguko, si kwenye taa. Lori lipunguze mwendo, lizunguke, liende zake bila kusimama.

Wazee wa baraza hawautaki wa pili. Wanasema wahandisi wa zamani hawakuwa wajinga. Kama waliipinda, walikuwa na sababu iliyo chini ya ardhi, na shimo moja halitoshi kuwakanusha. Wanataka neno la mtu aliyekuwepo. Binti Kisanduku amenishika mkono, akasema, "Mama, kaka yako akiandika ukurasa mmoja tu, kwamba hapakuwa na sababu ya kihandisi, basi."

Baraza linakaa tarehe 29 Agosti. Likipitisha upanuzi, jambo hili halifunguliwi tena maisha yangu yote.

Ukurasa mmoja, Kaka.

Siafu


2 Juni

Siafu, dada yangu,

Marahaba, mara mbili, maana nimechelewa kujibu. Nilipata homa, ikaniacha, ikarudi kuchukua ilichosahau. Sasa sijambo. Nimeanza kupanga vitabu vya kuja navyo. Vimefika kumi na viwili, nilikuwa nimejiwekea sita.

Nimeyafikiria mambo ya mlima wenu. Hata kwa mpango wa kwanza kuna njia ya kupunguza moshi. Taa zinaweza kupangwa zifuatane, ya kwanza ikiwaka kijani na ya pili iwe karibu kuwaka, lori likifika likute njia imefunguka. Wafundishwe madereva kuzima injini wakisimama muda mrefu. Malori mazito yapangiwe saa zao. Haya yote yamejaribiwa mahali pengi. Nimekuchorea mchoro mdogo nyuma ya karatasi hii, mpe huyo binti.

Kuhusu ukurasa anaoutaka, nashindwa kuona utasaidia nini. Miaka ni mingi. Mtu aliyekimbia nchi hakimbii na mafaili. Na ofisi ile, unajua jinsi nilivyoachana nayo. Kutia saini karatasi inayokwenda kwao ni kama kubisha hodi kwenye nyumba uliyofukuzwa.

Tena hukuniambia jambo moja. Huo mstari ulionyooka unapita kwenye nyumba za nani? Umeona ramani? Binti Kisanduku amewaonyesha? Niandikie hilo kwanza.

Na chumba changu. Hukujibu pia.

Kaka yako,
Rula


9 Julai

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo. Salamu zimekwisha.

Mchoro wako wa taa nimempa Binti Kisanduku. Ameusifu. Amesema mstari wako haujatetemeka, na kwamba lori la tani thelathini haliwezi kuwahi kijani kwenye mlima ule hata taa zikipangwa na malaika.

Nikusimulie kitu kimoja. Juzi alikuja mwalimu mkuu wa shule ya jirani, anataka mashati ya sare arobaini, meupe. Fundi Cherehani akakataa. Mwalimu akadhani anajivuna.

"Fundi, kazi imekuwa nyingi hivyo?"

"Sina kazi hata moja, mwalimu."

"Sasa?"

"Nikianza kukata asubuhi, shati ni jeupe. Nikifika kwenye kola, saa nane, ni la kijivu. Nikishona vifungo, limekuwa la rangi ambayo sijui jina lake. Nikulipishe kwa shati jeupe nikupe hilo? Mimi siku hizi nashona nyeusi na kahawia. Mwenye msiba na aje, mwenye harusi aende kwingine."

Watu walicheka, na yeye alicheka. Kisha akakohoa mpaka akakaa chini, mwalimu akamshikilia bega. Mimi niliona kupitia dirishani. Sikuweza kushuka kumsaidia kwa sababu nami nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

Unaniuliza nyumba za nani. Unaniuliza chumba. Nilikuuliza kona, nikakuuliza kona, na sasa nakuuliza mara ya tatu, na sitakuuliza ya nne: kwa nini barabara inapinda pale?

Siafu


12 Agosti

Siafu,

Barua yako imefika tarehe 8. Kwa siku nne nimekuwa nikiianza hii.

Hapakuwa na mfinyanzi. Sikusahau. Mstari wa kwanza niliuchora kwa mkono wangu, ulionyooka, kwenye bega la mlima, mwinuko wake hata baiskeli ingeupanda bila kuhema. Ulikuwa mstari mzuri kuliko yote niliyowahi kuchora. Ulipita sebuleni kwetu, ukatokea chumba cha nyuma.

Jioni ile nilirudi nyumbani nikakuta vigingi vyekundu uani. Kimoja kilikuwa kimepigwa karibu na jiko la nje, na Mama alikuwa amekitundikia kitambaa cha kufutia vyombo. Akaniambia, "Watu wa barabara wameniletea mti wa kuanikia nguo, wamesahau kamba." Hakuniomba kitu. Ningependa kukuandikia kwamba aliniomba, ingekuwa rahisi. Alikausha mikono akaniuliza kama nina njaa.

Kesho yake nilichukua karatasi mpya, nikaupinda mstari mita hamsini na mbili kuelekea bondeni. Nilijua lazima upande tena kwa ghafla. Nilijua pale juu dereva hataona anayekuja kutoka sokoni, kwa hiyo lazima taa iwepo. Wakati ule malori yalikuwa ishirini kwa siku. Nilihesabu ishirini. Sikuhesabu mia nane.

Mkuu wa ofisi aliitazama. "Kijana, hii kona imetoka wapi?"

"Udongo, mzee. Mfinyanzi."

"Umepima?"

"Nimepima."

Akatia saini, akaniuliza kama nina kiberiti.

Karatasi ya kwanza niliileta nyumbani nimeikunja ndani ya shati, nikampa Mama aichome. Alikuwa hachomi karatasi nzuri, unamjua, lakini ile najua aliichoma, maana sikuiona tena. Miezi minane baadaye nikakimbia. Mama amekufa sijamzika. Kitu pekee nilichomfanyia katika maisha yangu ni ile kona.

Unaona sasa kwa nini nimekuuliza nyumba za nani. Nikisema kweli, barabara inanyooka, na ikinyooka nyumba inaondoka. Kwa miaka thelathini na minne nimelala kwenye vyumba vya watu nikijua kuna chumba kimoja duniani ambacho mlango wake ninaujua kwa giza. Sikuwa tayari kukitia saini.

Nimeambatanisha ukurasa. Umetiwa saini. Ufanye utakavyo.

Rula


22 Septemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika tarehe 11 Septemba. Baraza lilikaa tarehe 29 Agosti.

Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba barua huchukua wiki nne na siku mbili, pungufu ya siku moja au zaidi kwa siku moja. Mtu anayepima posta kwa miaka sita hakosei hesabu ya siku kumi na saba. Simu ipo. Mpwa wako ana simu mbili, na namba zote mbili unazo. Ulisema kweli, Kaka, lakini uliisubiri mpaka isiwe na kazi.

Sasa na mimi nikuambie yangu.

Januari, kabla sijakuandikia barua ya kwanza, nililitoa kabati la vyombo la Mama nilioshe, maana masizi yalikuwa yamepenya hadi kwenye vikombe. Rafu ya pili, chini ya kopo la sukari, alikuwa ametandika karatasi ngumu, upande mweupe juu. Nikaigeuza. Mstari mmoja ulionyooka, wa penseli. Na juu ya mstari, kisanduku kidogo, na ndani yake, kwa mwandiko wako wa kubana, umeandika "Mama".

Kwa hiyo nilipokuuliza, nilikuwa najua. Nilikuuliza ili uniambie. Ningeweza kuipeleka karatasi ile kwa Binti Kisanduku siku ileile. Niliificha miezi saba chini ya godoro, nikingoja posta. Nilitaka nyumba ya Mama tuivunje sisi wawili. Nimeivunja peke yangu.

Nilikwenda na karatasi barazani. Mzee mmoja mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani, akaigeuzageuza. "Hii imetoka wapi?"

"Kwenye kabati la vyombo."

Wakacheka. Nikawaacha wamalize.

"Na hapa pameandikwa nini?"

"Mama."

"Mama nani?"

"Mama yangu. Hiyo ndiyo nyumba ninayoishi. Mlisema aliyeipinda alikuwa na sababu iliyo chini ya ardhi. Haiko chini, iko juu, ina bati na madirisha manne."

Yule mzee akavua miwani ya usoni akavaa ya kichwani. "Unajua unachotuomba, bibi?"

"Najua. Nimeleta karatasi, sikuleta machozi."

Wamepitisha mpango wa pili. Ukurasa wako nimeupeleka hata hivyo. Binti Kisanduku ameutia kwenye faili, akasema utafaa kwa kumbukumbu.

Mambo mengine niliyokuficha ni haya, uyapokee kwa pamoja. Mama hakufa kwa uzee. Nilikuandikia "uzee" kwa sababu ulikuwa mbali na hukuwa na njia ya kurudi. Alikohoa miaka sita. Nilimwambia tuhame, akasema, "Mwanangu aliniachia nyumba, niihame nimwambie nini?" Alijua, Kaka. Kila siku alikuwa anachukua sukari juu ya ile karatasi. Na mimi daktari ameniambia mapafu yangu ni ya mvuta sigara wa miaka thelathini. Nikamwambia sijawahi kushika sigara. Akaacha kuandika, akaniuliza nakaa wapi.

Chumba chako cha nyuma kimefungwa mwaka wa kumi na moja huu. Moshi unapita juu ya paa, unageuka uani, unashukia pale. Ukuta ni mweusi kama chungu. Meza yako ililiwa na mchwa zamani. Ulikuwa unakilinda chumba ambacho hakipo.

Wametupa muda mpaka Novemba. Wamechora alama nyekundu ukutani, kubwa, imepinda kidogo. Nimeitazama nikacheka mwenyewe.

Siafu


6 Mei

Kaka yangu Rula,

Shikamoo. Hukuja Desemba na hukuandika. Sikulaumu tena. Nilikulaumu Januari, nikachoka Machi.

Naishi kwa mpwa wako, vyumba viwili nyuma ya soko. Ananiamuru kutwa. Mapafu hayarudi yalivyokuwa, daktari amesema yataacha kuharibika, basi, na kwa umri wangu hiyo ni habari njema. Goti limehamia upande wa kulia.

Barabara ilifunguliwa wiki tatu zilizopita. Nilikwenda kuiona, nikakaa kwenye kiti mbele ya kibanda cha Fundi Cherehani. Yeye hakuguswa, mstari umempitia hatua arobaini kutoka mlangoni. Malori yanakuja kutoka kiwandani, yanapita pale kilipokuwa kitanda cha Mama, yanazunguka mzunguko, yanaondoka. Hayabadilishi hata gia. Nilikaa saa nzima nikisubiri ile ngurumo ya kuanza upya, mwili wangu ukijikaza wenyewe, haikuja. Binti Kisanduku alikuwepo, akafungua kisanduku chake. Masizi yamepungua zaidi ya nusu, na anakisia mafuta yanayochomwa pale yamepungua karibu theluthi. Hayajaisha. "Lori ni lori, mama," akasema. "Ukilinyooshea njia halimezi moshi wake."

Wale walioichimba njia walikikuta kigingi kimoja chekundu kwenye mwamba, nyuma ya jiko la nje. Wakakitupa. Nimekiokota, kiko kwangu.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ni shati. Fundi amelishona kwa kipimo cha shati lako la zamani nililokuwa nalo. Amesema kama umenenepa ni shauri yako. Ni jeupe. Ndilo la kwanza jeupe alilolishona kwa miaka mingi. Alilianza asubuhi, akalimaliza jioni, kisha akalitundika nje mlangoni siku saba nzima, barabara mpya ikipita. Watu walikuwa wanakuja kulitazama kama mtoto mchanga.

Ikague kola.

Dada yako,
Siafu


15 Juni

Siafu, dada yangu,

Marahaba.

Shati limefika. Sijanenepa, linanitosha mabegani. Nimekagua kola kwa miwani na bila miwani. Ilifika nyeupe. Mwambie Fundi mishono ya vifungo imenyooka kuliko mistari yangu.

Nilitaka kukuandikia mengi. Nimeandika karatasi nne nikazichana, maana zote zilikuwa zinaeleza, na wewe hukuomba maelezo. Uliomba ukurasa mmoja, wakati wake. Desemba nilikata tiketi, nikafunga vitabu, nikafika hadi kituo cha ndege. Kijana wa kaunta akaniuliza anwani nitakayofikia. Nikamtajia ile niliyoijua. Nikakumbuka. Nikarudi na basi.

Shati sikulivaa. Nililitundika nje ya dirisha langu, siku saba, kama alivyofanya yeye. Siku ya nne kola ilikuwa imeshaingia kijivu. Siku ya saba ilikuwa ya ile rangi ambayo Fundi hajui jina lake. Nimeliingiza ndani nikakaa kutazama chini. Malori yanafika kwenye mlima, yanasimama kwenye taa, yananguruma, yanaanza upya. Miaka yote hii sijawahi kujiuliza. Nikachukua rula, nikafungua ramani ya mji huu, nikafuata barabara kwa kidole. Imenyooka toka mbali, Siafu. Inapinda hapa.

Sijui aliyeichora alikuwa anamwokolea nani nyumba.

Kaka yako,
Rula